Mashine Yenye Mawe Mawili

Mimi ile mashine sikuitaka. Nalisema mapema, ili mtu asije akadhani nilikuwa mke mwema aliyesimama upande wa mumewe tangu mwanzo. Nilisimama upande wangu, kwa miguu yote miwili.

Mume wangu anaitwa Mudathiru, ni mnoaji. Hapa Kamembe, mji wa mpakani ng'ambo ya Bukavu, kisu kikikataa kukata nyanya, watu hawasemi kimekuwa butu, wanasema kipelekeni kwa Mudathiru. Jembe, panga, mkasi wa fundi cherehani, kisu cha mchinjaji, vyote vinakuja uani kwetu. Na uani, chini ya upenu wa jikoni, kuna jiwe la duara ambalo baba mkwe wangu alivuka nalo kutoka Bukavu zamani, kabla hata sijajua nitaolewa na nani. Jiwe limefungwa kwenye mbao, lina mpini wa chuma pembeni, na wa kuzungusha huo mpini ni mimi. Yeye anashika kisu, mimi nazungusha. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu upande wa kulia, yeye kwenye kopo tupu la rangi mbele ya jiwe, magoti yetu karibu yagusane. Miaka thelathini na moja tumekaa hivyo.

Baba mkwe ndiye aliyetufundisha kuhesabu kwa tasbihi. Kisu cha jikoni kinakula Subhanallah thelathini na tatu upande mmoja na thelathini na tatu upande wa pili. Panga linakula tisini na tisa. Mkasi tunaupa kumi na moja, basi. Mimi nahesabu kwa sauti, Mudathiru ananifuata kwa midomo tu, na hesabu ikifika anainua kisu, anakipitisha kwenye nywele za mkono wake, anasema, "Kimekubali, Mama Kamali."

Kamali ni mtoto wetu wa kwanza, yuko Kigali anafanya kazi hotelini. Tangu azaliwe, jina langu lilipotelea humu ndani. Mudathiru ananiita Mama Kamali, mtaa mzima unaniita Maman Kamali, hata imamu. Jina langu ni Nasiba, kama kuna anayetaka kujua.

Mwaka huu bega la kulia likaanza kuniuma. Mwanzoni nilifikiri nimelilalia vibaya. Halafu nikashindwa kufunga kilemba, halafu nikashindwa kuteremsha sufuria, na siku moja katikati ya panga la mtu, nikiwa kwenye Subhanallah ya arobaini na kitu, mkono ukaacha mpini wenyewe, bila kuniomba ruhusa. Mudathiru akaweka panga chini. Kesho yake akanipeleka hospitali Mibirizi.

Pale tulimkuta muuguzi mmoja anaitwa Patricie, msichana mwenye macho ya upole na mikono ya chuma. Alininyanyua ule mkono mpaka nikamwona marehemu mama yangu.

"Maman, unafanyaka kazi gani?" akaniuliza.

"Nazungusha jiwe la kunolea."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akaacha kuandika, akanitazama mimi, akamtazama Mudathiru, ambaye ghafla alianza kusoma bango la chanjo lililokuwa ukutani.

"Basi imetosha," akasema. "Hii bega imechoka. Kupika unaweza, kushika kitu unaweza, kubeba kidogo unaweza. Lakini kuzungusha, hapana. Ukiendelea, siku moja hautainua hata kijiko."

Tukashuka kile kilima kwa miguu kutafuta pikipiki. Kwenye njia, kati ya mihogo ya watu, Mudathiru akasema, "Tutanunua mashine ya umeme. Ile ya kufunga juu ya meza. Ile pesa ya bati la jikoni iko, tutatumia hiyo."

"Na bati?"

"Jikoni itavuja mwaka mwingine mumoja. Imezoea."

Alifikiri nawaza bati. Sikuwa nawaza bati hata kidogo. Nilikuwa nawaza kigoda changu. Mashine ya umeme haihitaji mtu wa kuzungusha. Unabonyeza, inazunguka. Mudathiru ataketi pale peke yake na kelele zake, na mimi nitabaki jikoni na maharagwe yangu, mwanamke mwenye bega bovu anayepita uani kuanika nguo. Nitasema kweli ingawa yeye akisikia ataona aibu: zile saa za jiwe ndizo nilizokuwa nampenda zaidi. Mezani ni mtu wa kula na kunyamaza. Kitandani ni mtu wa kulala. Lakini mbele ya jiwe anaongea, anacheka, ananiuliza maoni yangu juu ya mambo ya dunia. Nani angeacha kitu hicho kiende kwa sababu ya swichi?

Kwa hiyo nikaamua nitamsaidia kuchagua. Na katika kuchagua, nitakataa.

Ila huwezi kukataa hivi hivi, lazima uwe na sababu. Nikaenda kwa Anastase, mchomeleaji wa mageti, nikamwambia anifundishe uovu wote wa mashine za kunolea. Anastase ni mtu anayependa kuulizwa. Akaniambia: gonga jiwe kwa kipande cha mti, likilia vizuri ni zima, likinyamaza lina ufa, na jiwe lenye ufa likizunguka kwa kasi ile linaweza kupasuka usoni pa mtu. Zima mashine, uangalie jiwe linavyosimama: likisimama upesi kama limegonga ukuta, gololi za ndani zimekwisha. Angalia kama linayumba. Angalia kile kichuma cha kuegemeza kisu, kisogezwe mpaka karibu kabisa na jiwe, la sivyo kisu kitavutwa ndani. Na usidanganywe na nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi, weka mkono uhisi inavyotetemeka.

Nikarudi nyumbani nimeiva.

Tulianzia kwa Dominique, mwenye duka la vyuma karibu na soko. Dominique alikulia Uvira, akarudi huku kijana, na anauza kila kitu kuanzia msumari mpaka mlango. Akatutolea mashine ndogo ya buluu yenye mawe mawili madogo, mpya, bado iko kwenye boksi.

"Hii ni ya bei ya muntu wa chini," akasema. "Elfu hamsini tu. Bantu banaipenda sana, banainunua kila siku."

"Kama banainunua kila siku, mbona boksi iko na vumbi?" nikamuuliza.

"Maman Kamali, vumbi ni ya barabara."

Nikaishika kwa mkono wa kushoto, nikainyanyua. Mkono mmoja, tena ule usio na kazi. "Mashine ya kunoa panga inabebwa na mugonjwa," nikasema. Halafu nikamwomba glasi ya chai aliyokuwa anakunywa. Alinipa akidhani nina kiu. Nikaiweka mezani kando ya mashine, nikamwambia awashe. Ile chai ikaanza kucheza, ikacheza, ikatoka kwenye glasi ikaingia kwenye kitabu chake cha risiti.

Mudathiru akageuka kutazama misumari. Najua mgongo wake ukiwa unacheka.

"Sasa, Maman Kamali," Dominique akasema akifuta kitabu kwa mkono wa shati, "ulikuja kununua ao ulikuja kunipiga?"

"Nilikuja kununua. Utuletee yenye akili."

Akasema mzigo mwingine unafika baada ya siku chache. Mimi nikafurahi, nikajua nimepata siku chache. Lakini Mudathiru hakuwa na siku za kuchezea, na hapo ndipo lazima nieleze habari ya visu vya Idi.

Kwetu, Idi ya kuchinja ikikaribia, visu vya mtaa vinaletwa vimefungwa kwenye kitambaa, na visu hivyo havilipiwi. Baba mkwe alianza, Mudathiru akaendeleza. Kisu kitakachomchinja mnyama kwa jina la Mungu lazima kiwe kikali asiteseke, na huo ukali hauuzwi. Vinafika arobaini, miaka mingine hamsini. Idi ilikuwa imebaki wiki mbili, na tayari kwenye kapu la Mudathiru kulikuwa na vitambaa tisa. Cha juu kabisa kilikuwa cha Twahiru, mchinjaji, ambaye siku ya Idi anachinjia nusu ya mtaa. Asipokuwa na kisu, watu wanakaa na mbuzi zao mpaka adhuhuri.

Nilipendekeza tuvuke Bukavu, kule vitu vilivyotumika ni bei nzuri. Nilijua pia kuvuka kunachukua siku nzima. Tukashuka mpakani, Rusizi ya Kwanza, asubuhi, tukapita darajani katikati ya wamama wa nyanya na vijana wa mizigo, tukapata karakana moja inayouza mashine za zamani. Pale kulikuwa na moja kubwa ya kijani, nzito, ya Wazungu, mwenye nayo akasema ilitoka kiwandani. Mudathiru akaigusa kama mtu anayegusa ng'ombe wa ndoto zake.

"Iko nguvu," akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikachukua kipande cha mti chini, nikagonga jiwe la kwanza. Likalia. Nikagonga la pili. Ko. Nikagonga tena. Ko.

"Hii iko na ufa," nikasema.

Mwenye karakana akacheka, akauliza kama mama ni fundi. Nikamwambia awashe basi, asimame mbele ya jiwe mwenyewe, mimi nitasimama barabarani. Hakuwasha. Akasema jiwe linabadilishwa. Nikazungusha ekseli kwa kidole, ikayumba. Nikamwuliza kama na ekseli inabadilishwa, na kama ndiyo, basi anatuuzia nini, rangi ya kijani?

Tulirudi mikono mitupu. Katikati ya daraja Mudathiru akasimama, watu wakawa wanatupita kushoto na kulia na magunia yao, na yeye akaniuliza taratibu, bila hasira, "Mama Kamali, unatafuta mashine ao unatafuta malaika?"

"Natafuta isiyokuua."

"Asante," akasema. "Lakini ile ya kwanza haikuwa ya kuua. Ilimwaga chai tu."

Akachukua kikapu changu kutoka bega lile bovu, ambalo nilikuwa nimesahau kulihurumia, akalitwika lake. Mtu akikufanyia hivyo halafu una siri, siri inakuuma kuliko bega. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikajiambia, Nasiba, wewe, visu tisa vimekuwa kumi na saba, na huyu mzee atarudi kwenye jiwe, atazungusha kwa mkono mmoja na kushika kwa mwingine, na ataharibu mabega yake pia. Acha ujinga.

Nikaacha ujinga. Tuliporudi kwa Dominique, siku kumi kabla ya Idi, nilikwenda kwa nia safi kabisa. Na Mungu ana utani wake, maana siku ile niliyokuja na nia safi ndiyo tuliyogombana.

Dominique alikuwa na mashine mbili mpya, bei karibu moja, elfu themanini na kidogo. Ya kwanza ilikuwa na jiwe moja pana linalozunguka polepole ndani ya beseni la maji. Niliipenda mara moja. Ilikuwa jiwe letu lenyewe, ila lenye umeme. Haichomi chuma, haina kelele, mtu anaweza kuongea mbele yake.

"Hii," nikasema. "Papa Kamali, hii ndiyo yako. Hata sitaigonga."

Dominique akamshukuru Mungu kwa sauti.

Mudathiru akaitazama, akaishika, akakubali kwamba ni nzuri. Halafu akaelekeza kidole kwenye ile nyingine: nyeusi, inchi sita, mawe mawili, la kukwaruza upande wa kulia na laini upande wa kushoto. "Na ile?"

Nikaifanyia yote. Niligonga, mawe yakalia. Tukawasha, tukazima, yakazunguka, yakazunguka, mpaka Dominique akahudumia mteja wa rangi na kurudi, bado yanazunguka. Vichuma vya kuegemeza vilisogea vizuri. Safari hii Dominique alileta chai mwenyewe, kwa kiburi, na chai ikakunja uso kidogo tu. Sikuipatia kosa. Lakini ilikwenda mbio, mbio sana, na kwa visu vya jikoni ile ya maji ilikuwa bora, hata Dominique alisema, na Dominique angeuza yoyote.

"Nachukua ya mawe mawili," Mudathiru akasema.

"Kwa nini? Wewe unanoa kisu kimoja kwa wakati. Mawe mawili ya nini, una mikono minne?"

"Nachukua hiyo."

"Nimekuuliza kwa nini."

"Nimekusikia."

Huyo ndiye mume wangu. Siku zote hizi ameniacha nikatae, na siku niliyokubali, akakataa yeye. Akalipa. Akaomba na miwani ya kazi, jozi mbili. Nikamwambia moja inatosha, kichwa chake ni kimoja kama ninavyokijua. Dominique akafunga zote mbili bila kututazama. Tulirudi nyumbani bila kuongea, yeye na mashine yake begani, mimi nyuma na miwani ya mtu wa vichwa viwili.

Siku nzima ile aligonga uani. Alitengeneza meza, akafunga mashine kwa bolti nne, akapimapima mbao. Mimi sikuchungulia hata mara moja, na hiyo ni kazi ngumu, dirisha la jikoni linatazama pale pale. Nilitundika kanga dirishani.

Asubuhi yake, baada ya chai, akaita. "Mama Kamali, kuja uone."

"Nachambua maharagwe."

Akangoja. "Mama Kamali."

"Yako na mawe mengi haya maharagwe. Si unapenda mawe mengi."

Akaita mara ya tatu, na mara ya tatu sikujibu kabisa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa na ninalia kidogo, kwa hasira, na maharagwe yalikuwa safi zamani. Basi nikasikia mashine inawashwa. Ilipiga kelele, ikatulia ikawa mlio mmoja mrefu. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia miaka yote: Mudathiru anahesabu kwa sauti. Subhanallah, moja. Subhanallah, mbili. Alikuwa anahesabu kwa sauti yangu, kwa mwendo wangu, wenye kupumua palepale ninapopumua.

Ilipofika kumi na kitu nikasikia harufu. Harufu ya chuma kilichoungua haifanani na harufu nyingine. Nikanyanyuka, beseni la maharagwe likaanguka. Lakini yeye ni mtu wa kumaliza alichoanza. Alifika thelathini na tatu ndipo akazima.

Nilipotoka uani, kitu cha kwanza kukiona hakikuwa kisu. Kilikuwa kigoda changu. Kilikuwa kando ya meza, upande wa kushoto wa mashine, mbele ya lile jiwe laini. Meza ni ya juu na kigoda changu ni cha chini, kwa hiyo alikuwa amekiongezea miguu: vipande vinne vya mbao mpya, vyeupe, vimepigiliwa kwenye mbao nyeusi ya zamani. Juu yake kulikuwa na miwani, mpira wake umefunguliwa na kuongezewa kitambaa ili upite juu ya kilemba. Na anayevaa kilemba hapa nyumbani ni mimi peke yangu.

Nikasimama pale na mikono yenye vumbi la maharagwe.

"Nilikuita mara tatu," Mudathiru akasema.

"Hukusema ni nini."

"Ningesema ungekataa. Umekuwa unakataa kila kitu." Akafuta uso. "Patricie alisema usizungushe. Hakusema usishike. Nikawaza, nikinunua ya jiwe moja, nakaa mimi, na wewe unakaa wapi? Mimi nitoe ubutu huku, wewe umalize kule. Nikaona hiyo ndiyo mashine."

Nikakaa kwenye kigoda. Miguu mipya haikuyumba. Nilimpenda wakati ule mpaka nikamkasirikia.

Ndipo akanionyesha kisu, maana hakikuwa kitu cha kufichwa tena. Kilikuwa cha Twahiru. Makali yote ya upande mmoja yalikuwa ya buluu kuanzia ncha mpaka karibu na mpini, buluu nzuri kabisa, ya kifo. Chuma kikifika buluu kimekwisha nguvu, kitakata siku moja na kulegea. Mudathiru hakuwahi kuharibu kisu cha mtu, hata cha kulipiwa. Hiki kilikuwa cha Idi.

"Nilihesabu sawasawa," akasema. "Thelathini na tatu. Kama siku zote."

"Thelathini na tatu ya mkono wangu, mzee. Hii inazunguka mara ngapi kwa Subhanallah moja? Umekinoa kisu cha Twahiru mpaka Idi ya mwaka ujao."

"Hesabu ni hesabu."

"Hesabu si hesabu," nikamwambia. "Unadhani nilikuwa nahesabu tu? Kisu kikianza kukubali, mpini unakuwa mwepesi. Nikisikia umekuwa mwepesi, napunguza. Visu vingine vinakubali kwenye ishirini, hapo nazungusha pole mpaka thelathini na tatu ifike, jiwe linapapasa tu. Vigumu navikazia. Hesabu ilikuwa ya kukufurahisha wewe na marehemu baba yako."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba kingine.

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe si ndiye Mudathiru?"

Akakaa juu ya kopo lake la rangi. Akalaza kisu magotini. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, na akicheka hivyo hawezi kuacha, ikabidi nami nicheke, na bega likaniuma, nikacheka tu.

Tulipomaliza akaweka bakuli la maji kati yetu. Nikakunja mikono ya gauni, nikachomeka ncha za kilemba ndani zisije zikavutwa, nikavaa miwani. Akaniuliza kama nimewahi kushika kisu kwenye jiwe. Nikamwambia yeye aliniona lini nimeshika. Akawasha.

Sikuhesabu. Nilikiweka kisu cha Twahiru kwenye kile kichuma, nikakigusisha jiwe kidogo, nikakivuta mara moja mpaka ncha, nikakichovya majini. Nikakigusa kwa kidole gumba. Kidole kikivumilia, chuma kinavumilia. Tena. Majini. Tena. Ilikuwa ni kuula ule ubuluu kidogo kidogo bila kuzaa mwingine. Ule mlio wa jiwe ulikuwa unanong'ona jambo lile lile ambalo mpini ulikuwa unaniambia, ila sasa liliingia kwa vidole. Mudathiru alikaa upande wake, hakugusa kitu, alishika tu bakuli. Iliita adhana ya adhuhuri tukiwa bado pale. Makali yalipotoka meupe yote, nilimpa. Akakipitisha kwenye mkono wake, nywele zikadondoka.

"Kimekubali," akasema, na hakumalizia.

Twahiru alikuja alasiri, mtu mfupi mwenye kofia ya darizi na haraka ya siku zote. Mkononi alikuwa na kitambaa kingine kilichofungwa. Mudathiru akampa kisu chake. Twahiru anakijua kisu kile kuliko anavyowajua wakwe zake. Alikigeuza mara moja tu.

"Kimepungua upana."

"Kiliungua," Mudathiru akasema. "Mimi ndiye nilikiunguza. Kama hukipendi, nitakununulia kingine."

Twahiru akakitazama tena dhidi ya mwanga. Akang'oa jani la mgomba pale pembeni, akalishika juu kwa vidole viwili, akapitisha kisu. Nusu ya jani ikaanguka chini bila yeye kukaza mkono. Akalitazama lile jani chini, halafu akamtazama Mudathiru.

"Hii si mukono yako. Nani amekinoa?"

Mimi niliangalia bakuli la maji.

"Nasiba," Mudathiru akasema.

Twahiru akakunja uso, akatazama mlangoni, akatazama nyuma ya meza. Ametuzoea miaka ishirini huyu mtu. "Nasiba ni nani?"

Mudathiru hakucheka. Akanionyesha kwa mkono wote, kama anavyoonyeshwa mgeni mahali pa kukaa. "Huyu. Bibi yangu."

Twahiru akaniangalia, mimi na kilemba changu na miwani na miguu mipya ya kigoda. Akakichukua kile kitambaa cha pili, ambacho alikuwa tayari anamnyooshea Mudathiru kama desturi, akakirudisha kifuani. Akazunguka meza yote mpaka upande wa kushoto, akakiweka mikononi mwangu.

"Hiki ni cha baba yangu," akasema. "Maman Nasiba, unisaidie."

Nikamwambia aje kukichukua kesho.